Kuchagua Kamera Ndogo ya Kidijitali kwa Kazi ya Uwandani: Mfano wa Vurra, Arua na Koboko

Katika makala haya tunakusudia kujibu swali ambalo wanafunzi wanaojiandaa kwenda uwandani hutuuliza mara kwa mara: ni kamera gani ndogo ya kidijitali inayofaa kwa safari na kwa matumizi ya kila siku? Swali hili halijibiki kwa kutaja jina la kamera moja na kuishia hapo. Kamera huchaguliwa kwa kutazama kazi itakayofanya na mahali itakapoifanyia. Kwa hiyo tumechukua mfano wa mahali mahususi, yaani njia inayoanzia Vurra, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, na kupitia Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Barabara hii ya kilomita 92 iliwekwa lami katika miaka ya 2010.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ahitaji kamera huko. Lugha za nyumbani za eneo hili ni Kilugbara upande wa Vurra na Arua, na Kikakwa upande wa Koboko, pamoja na Kinubi katika baadhi ya mitaa ya miji. Kiswahili kilifika na jeshi na biashara, na kinaendelea kuingia kila siku kutoka ng'ambo, kwa kuwa mji wa Aru wa Kongo uko karibu tu na forodha ya Vurra. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha hapa huandikwa na watu ambao wengi wao hawakukisoma darasani. Hukiandika kwenye vibao vya maduka, nyuma ya malori, kwenye milango ya mikahawa na kwenye vipande vya boksi vinavyotangaza bei. Maandishi hayo ni data. Mtu anapoandika "kalibu" badala ya "karibu", au "oteli" badala ya "hoteli", anatuonyesha namna anavyolitamka neno. Sasa fikiria mtafiti amerudi chuoni na picha ambayo herufi moja haieleweki kama ni l au r. Hoja yake yote imesimama juu ya herufi hiyo, na kibao chenyewe huenda kimekwisha kupakwa rangi upya.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa na tarakimu iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kamera, yaani idadi ya megapikseli. Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, ambazo ni kama megapikseli 9 hivi. Kamera ya megapikseli 12 inatosha kabisa na inabakiza. Anayelipia megapikseli 20 badala ya 16 kwa kudhani kwamba herufi zitasomeka vizuri zaidi, aghalabu hulipia tarakimu tu.

Kinachostahili kuulizwa ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. (Wapo wanaosema "sensa", lakini neno hilo tayari lina kazi ya kuhesabu watu, nasi tunalikwepa.) Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina kihisi chenye upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.5. Zile za daraja la juu zaidi zina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho eneo lake ni takriban mara nne ya kile cha kwanza. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na tofauti huonekana pale mwanga unapopungua: ndani ya duka lisilo na dirisha, chini ya turubai la soko, au jioni wakati vibanda vya chakula vinapoanza kuwasha taa. Kihisi kidogo hapo hutoa picha yenye chengachenga, na kamera hujaribu kuzifuta kwa kulainisha picha nzima, herufi zikiwemo.

Baada ya kihisi tunatazama lenzi. Tundu la lenzi huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi ya f/1.8 hadi f/2.8, kama ile ya Sony RX100 III ya mwaka 2014 au ya Canon G7 X Mark II ya mwaka 2016, huingiza mwanga mwingi kuliko ya f/3.3 hadi f/6.4 inayopatikana kwenye kamera zenye zumu ya mara 30. Zumu ndefu inavutia dukani, lakini mkono hutikisika inapofika mwisho wake, na mwanga hupungua. Kwa maoni yetu, zumu ya mara tatu hadi tano inatosha kusoma kibao kilicho upande wa pili wa barabara, na la muhimu ni kwamba iwe zumu ya lenzi yenyewe. Zumu ya kidijitali hukata picha na kuivuta tu. Vilevile tunapendelea lenzi inayoanzia milimita 24 au 25 kwa kipimo cha filamu ya zamani, kwa sababu maduka ya Arua ni membamba na hutakuwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Msomaji atauliza: je, simu janja haitoshi? Kwa matumizi ya kila siku, mara nyingi inatosha, na soko lenyewe limelijibu swali hilo. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera ndogo zaidi ya milioni 100 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Hata hivyo tuna sababu tatu za kuendelea kupendekeza kamera uwandani. Mosi, simu ndiyo njia yako ya kuita msaada na aghalabu ndiyo unayorekodia mahojiano, hivyo si busara kuimaliza betri kwa picha. Pili, simu ina ujumbe na mawasiliano yako yote, na ukiombwa na askari umwonyeshe picha ulizopiga ni afadhali umkabidhi kifaa ambacho hakina kingine ila picha. Ya tatu inatuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Baadhi ya simu za miaka ya karibuni, zinapokuza kitu cha mbali, hazionyeshi kilichopo tu bali hukisia kisichoonekana na kukijaza. Kwa picha ya harusi hilo halina neno. Kwa ushahidi wa tahajia ni hatari, maana herufi unayoisoma inaweza kuwa imechorwa na simu wala si na mwenye duka.

Kuhusu umeme, hali ya Arua imebadilika. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na kituo kidogo cha maji cha Nyagak, hadi ilipounganishwa mwaka 2024. Lakini vijijini, mbali na barabara kuu, bado utategemea sola. Kamera inayochajiwa kwa waya wa USB inafaa zaidi kuliko ile inayohitaji chaja yake ya ukutani, kwa kuwa chombo kile kile cha sola kinachochaji simu kitaichaji. Kamera hizi ndogo hupiga picha kama 300 hivi kwa chaji moja, nasi tunashauri betri ya pili. Kamera za zamani zinazotumia betri za AA, kama Canon PowerShot za mfululizo wa A, zina faida ya kwamba betri hizo huuzwa hata kwenye kibanda. Ila zile za bei ya chini kabisa, zinazotosha redio, huishiwa nguvu ndani ya kamera baada ya picha chache. Tumia za kuchajiwa.

Vumbi ni adui mkubwa zaidi. Kuanzia Desemba hadi Februari, njia za muramu zinazochepuka kutoka kwenye lami hutimua vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na lenzi inayotokeza na kurudi ndani hulivuta pamoja nayo. Likishaingia, huwezi kulisafisha mwenyewe. Kamera zilizozibwa, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019, hazina lenzi inayotokeza, huvumilia maji na kuanguka, na hupiga vizuri vitu vya karibu sana kama maandishi ya stakabadhi. Lakini kihisi chake ni kile kidogo. Huwezi kupata vyote. Anayekwenda kukaa miezi vijijini na kusafiri kwa bodaboda achukue iliyozibwa. Anayefanya kazi masokoni na madukani Arua na Koboko achukue yenye kihisi kikubwa, aiweke ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu kila anapopanda pikipiki.

Anayenunua kamera iliyotumika aangalie kadi ya kumbukumbu kabla ya kuangalia kitu kingine. Baadhi ya Olympus na Fujifilm za miaka ya 2000 hutumia kadi za xD ambazo hazitengenezwi tena. Kamera nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2006 husoma kadi za SD zisizozidi gigabaiti 2 tu, na kadi kubwa zinazouzwa leo hazitafanya kazi humo. Isitoshe, vijana wa miji mikubwa wamezipenda upya kamera hizo kuukuu kwa ajili ya rangi zake, na bei zimepanda bila sababu inayomhusu mtafiti.

Sifa nyingine haiandikwi kwenye boksi, nayo ni jinsi kamera inavyokaa mbele ya watu. Chagua yenye kioo kinachosomeka juani, ili mwenye kibao aione picha yake papo hapo na akatae akitaka. Hakikisha flashi inaweza kuzimwa isijiwakie yenyewe, lakini mlio wa kufyatua tunapendekeza uachwe, ili watu wajue wamepigwa. Hakikisha pia ina kitufe cha + na – cha kurekebisha mwanga. Kamera hukadiria wastani wa mwanga wote inaouona, na uso mweusi uliosimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu ya saa saba mchana hutoka kama kivuli. Ongeza hatua moja.

Omba ruhusa kabla ya kuitoa kamera mfukoni. Upande wa Uganda utasema, "Mama, naomba nipige picha ya kibao chako." Upande wa Aru neno utakalolisikia zaidi ni "foto", kutokana na Kifaransa, na hilo nalo liandike daftarini. Majengo ya forodha, askari na madaraja usiyapige bila idhini ya afisa aliyepo. Kamera inaweza kuchukuliwa, na anayebaki kuulizwa maswali ni mwenyeji aliyekutembeza. Katika makazi ya wakimbizi kama Rhino Camp na Imvepi, kibali hutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Kumbuka pia kwamba sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, inayolindwa na sheria ya Uganda ya faragha na data ya mwaka 2019.

Mwisho ni saa ya kamera. Uganda iko saa moja mbele ya Ituri, na tangu Februari 2021 iko saa moja mbele ya Sudan Kusini pia. Ukivuka Vurra asubuhi na kukaribia Oraba jioni, simu yako inaweza kubadilisha saa yenyewe mara kadhaa, na picha zikajipanga kwa mfuatano usio sahihi. Kamera haifanyi hivyo. Iweke kwenye saa ya Uganda kabla ya kuondoka, ifananishe na saa ya kinasa sauti, na usiiguse tena hadi urudi. Daftarini andika saa kama kamera inavyoionyesha, yaani 9:00, wala si saa tatu, ili atakayesoma data yako asihesabu mara mbili.