Je, Rusizi Huingia au Hutoka?

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi mliosoma hapa kabla darasa la sayansi halijaanza kutembea, nataka niwaeleze jinsi kijana mmoja wa Ruziba alivyonitoa darasani.

Ilikuwa mwaka 2018. Nalikuwa nikifundisha habari za mito, nikaandika ubaoni kwamba Rusizi hutoka ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Tanganyika. Kijana akainua mkono akauliza, "Mwalimu, umeuona ukiingia?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa nimeuona. Nimezaliwa milimani, na darajani hupita ndani ya basi tu.

Basi Jumamosi tukatoka alfajiri, watu kumi na tisa, tukabadili gari mjini na kushuka penye daraja la barabara ya Gatumba. Majini hatukuthubutu kushuka kwa ajili ya viboko na mamba. Tulikuwa na machungwa matatu. Chungwa hufaa kuliko jani kavu, kwani huelea likiwa karibu lote limezama, hata upepo hauwezi kulisukuma sana. La kwanza likaenda kusini, upande wa ziwa. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikwisha kuliwa na mtu asiyekiri hata leo.

Msidhani swali hilo ni la kitoto. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi ili kulijibu, kwa kuwa kama Rusizi ungalitoka ziwani, huenda ungalikuwa njia ya kwenda Nile. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya kwetu, ni ukumbusho wa siku walizolala pale, Novemba 25 hadi 27. Kisha wakaufikia mto wakaona unaingia. Lakini watoto wa jumbe wa Uvira walikuwa wamekwisha kumwambia Burton neno lilo hilo mwaka 1858! Wenyeji walijua, walioulizwa si walioandikwa vitabuni. Hilo liliwafurahisha sana wanafunzi wangu, na mimi pia.

Mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kwenda Kigoma kwa mafunzo ya walimu. Nilipita Rumonge na Nyanza-Lac, nikavuka mpaka kwa Manyovu, na gari likapasuka gurudumu mara mbili. Huko ndiko nilikoelewa jambo nililokuwa nikilifundisha kama kasuku. Mito inayoingia Tanganyika ni mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, ambao Cameron aliuona mwaka 1874 ukiwa umezibwa na majani. Hata ukiwa wazi huchukua maji kidogo. Sehemu kubwa huchukuliwa na jua na upepo. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa halina mlango wa kuyatolea maji upesi.

Niliporudi tukapiga hesabu. Ziwa lina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 32,000. Likipanda sentimita moja tu, ni kama meta za ujazo 320,000,000. Tukasimamisha nguzo ufukoni, yenye alama kila sentimita kumi, na yule kijana wa swali akapewa daftari.

Sasa nieleze kosa langu. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilikuwa kubwa. Mzee mmoja, jirani wa ufuko, alinijia akisema, "Mwalimu, maji yamefika kwenye mihogo yangu. Nihame?" Nikamjibu, "Tulia, mzee, kiangazi yatashuka." Kwa kawaida ziwa hufikia kilele karibu na Mei, kisha hushuka. Nami nilijibu kwa kawaida hiyo, sikutazama daftari.

Kiangazi maji yalishuka kweli, lakini hayakurudi kwenye alama ya mwaka uliotangulia. Kijana akaniletea daftari bila kusema neno. Nikaona kwamba mvua inayofuata ingeanzia juu zaidi. Jioni ile tukaenda wawili kwa mzee. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Nalikudanganya bila kukusudia." Akatazama mistari ya daftari muda mrefu, akauliza kila mmoja maana yake, kisha akawaita wanawe wafungue mabati.

Mwaka 2021 ziwa lilikaa mahali pa kitanda chake. Mwaka 2024 maji yakapanda tena, yakaingia majumbani katika Gatumba na mitaa ya pwani ya Bujumbura. Wazee wakakumbuka miaka ya 1960, ziwa lilipopanda vilevile, na baadaye watu wakajenga pale pale lilipokuwa limefika.

Nguzo yetu ya kwanza imo majini, siioni. Ya pili ilichukuliwa na mawimbi. Ya tatu imefungwa kwenye mwembe uani kwa mzee, katika makao yake mapya, na yeye ndiye anayeisoma kila Jumapili. Daftari hataki kulirudisha.