Unga wa Kibo

Asubuhi ya mwezi wa Januari, kabla mawingu hayajaufunika mlima, mtu asimamaye karibu na mnara wa saa mjini Moshi na kuinua uso wake upande wa kaskazini huiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imevaa weupe wake, na weupe ule, kwa umbali, ni laini kama unga uliochekechwa sasa hivi. Mpwa wangu, ambaye ameona katika sinema namna watu wa Austria na Uswisi wanavyoteremka milimani mwao juu ya skii, aliniuliza siku moja: “Mjomba, mbona sisi tunayo theluji yetu wenyewe na hatuteremki?” Alikuwa amekwisha kufanya hesabu ya biashara, na alitaka kujua kama skii pana za bei nafuu, zile ziundwazo kwa ajili ya theluji ya unga, zingefaa kukodishwa kwa wageni. Nilimwahidi jawabu, nalo jawabu likawa refu kuliko nilivyodhani, kwa kuwa lilinitoa katika skii likanipeleka katika viatu.

Mchezo wenyewe si bidaa juu ya Kibo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni, nao walikuwa wamechukua skii, wakazitumia huko juu. Jina la wa kwanza limebaki katika kipande cha barafu kilichomo karibu na kilele, ambacho wapitao sasa hukitazama kama watu wanaomzuru mgonjwa. Mwaka uo huo Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima mlima, na kwa ramani iliyotokana na kazi yao tunajua kwamba barafu ilienea takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Uwanja walioukuta wale wawili wa skii mpwa wangu hataukuta.

Lakini tuseme barafu ingalipo yote. Skii hufanya kazi kwa hila moja iliyo sahili, nayo ni kuutawanya uzani wa mtu juu ya eneo kubwa. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, ndani ya kiatu ambacho soli yake hugusa ardhi kwa sentimita za mraba 200, kila sentimita hutwikwa gramu 350; akisimama juu ya skii moja yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa 10, uzani ule ule hugawanyika juu ya sentimita 1,800, na kila moja hubeba gramu zisizofika 40. Ndiyo siri ya ngamia, ambaye wayo wake mpana humvusha mchangani mahali ambapo kwato za punda hudidimia. Theluji ya unga, iliyojaa hewa kuliko maji, haiwezi kumbeba mtu wa viatu. Mtu wa skii pana hupita juu yake kama ngalawa.

Upana huo, hata hivyo, una gharama yake. Theluji ikiwa ngumu, mteremkaji hushika njia kwa kuilaza skii ubavu na kuukita ukingo wake wa chuma, na kadiri skii inavyozidi kuwa pana ndivyo ukingo unavyokuwa mbali na katikati ya wayo, na ndivyo kifundo cha mguu kinavyolazimika kufanya kazi zaidi ili kuugeuza. Zile za bei rahisi, ambazo moyo wake aghalabu ni wa povu la plastiki badala ya mbao, huzidisha taabu kwa kutetemeka. Mtu aliyezisifu katika unga asubuhi huweza kuzilaani alasiri ya siku ile ile, ilhali chombo ni kile kile na kilichobadilika ni ardhi.

Na theluji ya Kibo si unga hata kidogo. Jabali hili liko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na jua la mchana hulipiga karibu wima. Theluji inyeshayo leo huanza leo hii hii kupungua, nyingine ikiyeyuka na nyingine ikigeuka mvuke bila ya kupitia umaji, na usiku unapoingia masalio yake hugandamana yakawa gamba. Upepo huyapangusa, jua huyachonga, hata pengine uso wa barafu husimama kwa ncha kali zilizopangika kama meno ya msumeno. Kuweka skii pana juu ya gamba la namna hiyo ni kuchagua chombo kwa kutazama rangi.

Unga wa kweli wa Kibo ni mwingine, nao hauonekani kutoka Moshi. Ni ule mteremko wa majivu na changarawe za volkano unaoanza nyuma ya kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 na ziada, ukapanda kwa takriban mita 1,000 hadi kituo cha Gilman. Chembe kavu zilizolundikana hujipatia zenyewe mwinamo wa kupumzikia, kwa kawaida baina ya nyuzi 30 na 35, na hapo hutulia kwa kuegemeana. Mguu ukiongeza uzani kidogo, mapatano yao huvunjika, tabaka la juu hutiririka, na mpandaji aliyepiga hatua moja hujikuta amepata nusu yake. Watafiti wa Ubelgiji waliopima mwaka 1998 gharama ya kutembea mchangani waliona kwamba mwili hutumia nguvu mara 2.1 hadi 2.7 kuliko kwenye ardhi ngumu, nao walipima mahali tambarare, wakivuta hewa kamili. Juu ya Kibo hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani.

Ndiyo maana safari ya mwisho huanza usiku wa manane. Wageni wengi hudhani ni kwa ajili ya kuwahi macheo, na macheo hakika ni mazuri. Lakini waongozaji wanajua kwamba wakati huo unyevu uliomo baina ya chembe umeganda, ukazishikamanisha kama saruji, na ardhi ambayo adhuhuri ingemeza mguu hadi kifundoni usiku humbeba mtu kama kizingiti. Saa sita baadaye jua huiondoa saruji ile, na hapo huanza mteremko, ambao ndio mchezo wa skii wa Kilimanjaro. Mteremkaji hodari hukita kisigino, huinamisha magoti kidogo, huuacha mto wa changarawe umchukue, kisha hubadili mguu kabla haujazama. Akiegemea nyuma kwa hofu, hukaa kitako. Masafa yaliyomchosha kwa muda wa saa sita usiku humwishia kwa saa mbili au pungufu.

Kiatu gani basi hufaa? Kile chepesi cha kukimbilia, ambacho ni rahisi na chenye povu nene, kina wayo mpana na huelea vizuri juu ya majivu, lakini shingo yake fupi huyapokea majivu kama kibaba kipokeavyo mchele, na chembe zile, zenye pembe kali, huzisugua nyuzi zake kwa ndani kama msasa. Fauka ya hayo, povu lake hukakamaa kwa baridi. Katambuga, zilizokatwa katika tairi kuukuu, sikuzipatia mpinzani juu ya mawe makavu ya ukanda wa Moorland, maana mpira ule uliumbwa kubeba lori; majivuni na baridini hazina la kusema. Buti la ngozi lenye shingo ndefu na kisigino kigumu hushinda, nalo ndilo ghali.

Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, huijua hesabu hii kwa nyayo zao, kwani kanuni huwaruhusu kutwikwa kilo 20 za mzigo, na kila kilo huenda moja kwa moja kwenye soli. Wengi wao hununua mitumba. Mimi pia nilinunua, buti la kupendeza lisilo na mchubuko, kwa bei iliyonifanya nijione mjanja, na siku ya tatu, tulipokuwa tumevuka kituo cha Horombo, soli ya kulia ilinidondoka nzima, ikalala njiani kama kipande cha mkate uliovunda. Niliporudi nilijifunza sababu. Soli ya kati ya mabuti mengi hutengenezwa kwa poliurethani, ambayo hushambuliwa na unyevu wa hewa, molekuli za maji zikikata viungo vyake polepole hata ikawa makombo. Nalo shambulio hilo huendelea kiatu kikiwa kabatini, tena huzidi palipo na joto. Buti lililokaa miaka kumi bila kuvaliwa, kisha likasafirishwa kwa meli katika joto la bahari, huweza kuwa zima kwa macho na maiti kwa ndani. Kwa mitumba, upya unaong'aa ni dalili ya kutiliwa shaka, na mimi sasa hubonyeza ukingo wa soli kwa ukucha kabla sijauliza bei. Ukibaki na alama, naaga kwa adabu. Mpagazi hana haja ya kubahatisha sana, madhali mjini Moshi ule mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanza mwaka 2003, uitwao KPAP, huwaazima mavazi na viatu vya mlimani bila malipo.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, akanisikiliza kwa subira ya kijana aliyekwisha kuachana na skii na kuanza kuwaza juu ya kuazima mabuti kwa faida. Mwezi uliofuata tulipanda pamoja, tukateremka kwa njia ya Mweka, tukaupita msitu ambamo tope hujaza mifereji ya soli hata kiatu bora na kiatu duni vikateleza sawasawa. Langoni vijana walikuwa na ndoo na brashi, wakiosha viatu vya wageni kwa malipo kidogo. Mpwa wangu alivua buti lake, akachuchumaa kutazama: kwanza lilitoka tope la kahawia la msituni, maji yakabadilishwa, halafu kutoka kwenye mishono na chini ya ulimi wa kiatu yakaanza kutoka majivu ya Kibo, ya kijivu, mengi, ndoo baada ya ndoo.