Je, Wajua? Siri ya Doki ya Diski Imo Kwenye Chipu

Mtumiaji wa Linux akinunua doki ya diski, jina lililo kwenye boksi halimwambii mengi. Cha kuangalia ni chipu ya ndani, inayounganisha SATA na USB. Amri ya lsusb huitambulisha.

Doki nyingi za zamani hukomea terabaiti 2.2, kwa kuwa hutumia anwani za biti 32, kila moja ikiwa ya sekta ya baiti 512. Baadhi hukwepa kikomo hicho kwa kuionyesha diski kama yenye sekta za baiti 4096. Hapo pana hatari kubwa: diski hiyo ikifungwa moja kwa moja ndani ya kompyuta, mafaili huweza kutoonekana, ingawa yapo.

Bora pia doki ambayo chipu yake inaruhusu amri ya smartctl kusoma afya ya diski.