Kugumisha Stenlesi Bila Kuikaribisha Kutu

Shafti ya pampu ya kisima kirefu inapotolewa ardhini baada ya miaka kadhaa ya kazi, mara nyingi kutu haijaigusa. Kilichoila ni mchanga. Pale inapozungukia kwenye beringi huwa imechimbika mifereji, presha ya maji imeshuka, na kamati ya maji inalazimika kuitisha mkutano wa kuchangisha pesa. Stenlesi, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu, ina udhaifu huo mmoja mkubwa: haiozi upesi, lakini uso wake ni laini na hukwaruzika.

Jambo hili linamhusu kila mkazi. Huduma za maji, vituo vya afya na vyuo vya ufundi vya vijiji ni majukumu ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na kote huko stenlesi hutumika: pampu, vali, matangi, makasi ya daktari. Kifaa kikiharibika kabla ya wakati wake, gharama humrudia mlipa kodi, na kisima kikinyamaza, ni kina mama na watoto wanaobeba mitungi hadi mtoni.

Fundi wa jua kali akiletewa shafti iliyolika, wazo la kwanza huwa ni moto. Ndivyo patasi na visu vinavyotengenezwa kutokana na springi kuukuu za magari: chuma kinapashwa hadi kiwe chekundu, kinazamishwa kwenye mafuta, kinakuwa kigumu. Kwa stenlesi ya kawaida njia hiyo haifui dafu. Aina ya 304, ambayo ndiyo ya matangi mengi ya maziwa na masinki, ikipashwa hadi nyuzi 1,050 za Selsiasi kisha ikapozwa ghafla, hulainika badala ya kugumuka. Na ikizikwa kwenye makaa siku nzima kwa nia ya kuilisha kaboni, uso wake huenda ukagumuka kweli, lakini baada ya miezi michache ya kukaa majini utaanza kutoa madoa ya kahawia.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua kinachoizuia stenlesi isishike kutu. Siri ni kromiamu. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromiamu kiasi cha asilimia 13 na kugundua kwamba hakikuliwa na asidi kama vyuma vingine. Leo chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Aina ya 304 ina kama asilimia 18 pamoja na nikeli kama asilimia 8. Ile ya 316 huongezewa molibdenamu, ndiyo maana huvumilia maji ya chumvi vizuri zaidi, na wakazi wa Pwani na wa maeneo kame yenye visima vya chumvichumvi wanafaa kuikumbuka namba hiyo.

Kromiamu iliyo usoni huungana na oksijeni ya hewa au ya maji na kufanya utando usioonekana kwa macho. Unene wake ni nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu unaushinda kwa makumi ya maelfu. Lakini ni utando hai, kwa maana ya kwamba ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe mara moja, mradi kromiamu ya kutosha ipo papo hapo chini yake.

Hapo ndipo makaa yanapoharibu mambo. Kaboni inapenda kromiamu kuliko inavyopenda chuma. Joto likiwa kati ya takribani nyuzi 450 na 850, kromiamu hupata nguvu ya kusogea, hukutana na kaboni, na vyote viwili hufunga ndoa na kuwa punje ngumu. Kromiamu iliyoolewa hivyo haipatikani tena kutengeneza utando. Sehemu zinazozunguka punje hizo hubaki maskini wa kromiamu, na kutu huingilia hapo hapo. Nitrojeni nayo hufanya vivyo hivyo. Viwandani kuna njia ya miaka mingi ya kugumisha vyuma kwa nitrojeni kwenye joto la nyuzi 500 hadi 570. Ni njia nzuri kwa gia na vyuma vingine, lakini stenlesi ikipitishwa humo hutoka ngumu na imepoteza sifa iliyofanya inunuliwe kwa bei ghali.

Suluhisho lililopatikana katika miaka ya 1980 linashangaza kwa wepesi wake: punguza moto, ongeza subira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliandika mwaka 1985 kuhusu stenlesi iliyolishwa nitrojeni kwa joto la chini ikabaki bila kushika kutu. Nchini Uholanzi nako kukazuka njia ya aina hiyo inayotumia kaboni, ambayo imekuwa biashara kubwa viwandani.

Namna inavyofanya kazi inaweza kufananishwa na soko siku ya mnada. Watu wazima wamesongamana bega kwa bega, hakuna anayeweza kuhama alipo. Watoto, hata hivyo, hupenya katikati yao na kufika wanakotaka. Chembe za chuma na kromiamu ndizo watu wazima. Kaboni na nitrojeni ndizo watoto. Joto likiwekwa chini ya takribani nyuzi 450 kwa nitrojeni, au chini kidogo ya 500 kwa kaboni, watoto wanaendelea kupenya lakini wakubwa hawasogei. Kaboni inajaa usoni bila kuipa kromiamu nafasi ya kukusanyika na kufunga ile ndoa. Chembe zilizosongwa namna hiyo hubanana sana, na kubanana huko ndiko ugumu wenyewe.

Kuna kikwazo kimoja kabla ya hapo. Ule utando unaozuia kutu huzuia pia kaboni isiingie, kwa hiyo lazima uvuliwe kwanza kwa gesi kali yenye asidi, au kwa kupigwapigwa na gesi iliyotiwa umeme ndani ya chombo kisicho na hewa. Kisha kipande hukaa kwenye tanuri lililofungwa kwa saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa, huku joto likichungwa lisipande. Kwa hiyo si kazi ya karakana ya kando ya barabara, hata fundi awe hodari namna gani, na anayedai kuifanya kwa makaa au kwa tochi ya gesi anauza kitu kingine.

Matokeo yake yanapimika. Ugumu wa 304 au 316 ya kawaida ni kiasi cha 150 hadi 200 kwa kipimo cha Vickers. Uso uliolishwa kaboni kwa joto la chini hufika 1,000 na hata kupita. Kutu je? Kwa aina ya 316, vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba uso huo hustahimili maji ya chumvi vizuri kuliko ulivyokuwa mwanzo. Faida nyingine ni kwenye bolti na nati. Stenlesi kwa stenlesi zikikazwa huelekea kung'ang'aniana hadi zikatwe kwa msumeno. Uso ukiwa mgumu tatizo hilo hupungua sana. Asiye na bolti za namna hiyo anaweza kupaka grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ana na kukaza polepole kwa mkono, si kwa mashine ya kasi.

Lakini gamba hilo gumu ni jembamba, kwa kawaida mikromita 20 hadi 35, chini ya nusu ya unywele. Grainda ikipita mara moja limekwisha. Kulichomelea pia kunaliharibu, kwa sababu joto la kuchomelea linawapa wale watu wazima wa sokoni nguvu ya kusogea. Kwa hiyo kipande hupimwa, huchongwa na kumalizwa kwanza, halafu ndipo hugumishwa.

Si kila kitu kinahitaji gharama hiyo. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo majaribio yake mengi yalifanyika Kwale katika miaka ya 1980, hutumia fito za stenlesi pale maji yanapokula chuma cha kawaida, na fito hizo hazihitaji kugumishwa kwa kuwa kazi yake ni kuvuta, si kusugua. Makasi na visu vya hospitali navyo ni vya jamii nyingine ya stenlesi, kama 420, ambayo hugumuka chote kwa moto mkali wa karibu nyuzi 1,000 na kupozwa ghafla. Bei ya ugumu huo ni kwamba havivumilii chumvi kama 316, ndiyo maana havifai kuachwa vimelowekwa kwenye dawa ya klorini usiku kucha.

Kwa kamati za maji na vyama vya ushirika vinavyoagiza vipuri, maneno "stenlesi iliyogumishwa" hayatoshi kwenye karatasi ya oda. Iandikwe namba ya aina, yaani 304, 316 au nyingine. Njia ya kugumisha. Unene wa gamba. Na ugumu unaotakiwa. Muuzaji atoe cheti cha vipimo. Sumaku, ambayo wengi huitumia sokoni, haitoi jibu: 420 hunaswa na sumaku nayo ni stenlesi halali, na hata 304 hunaswa kidogo ikikunjwa.

Kwa mchomeleaji, pale ambapo hakuna budi kuchomelea stenlesi, 304L na 316L zina kaboni isiyozidi asilimia 0.03, hivyo punje zile hazipati nafasi ya kuota kirahisi. Brashi ya waya iwe ya stenlesi na isiwe imewahi kusugua chuma cha kawaida, maana vumbi la chuma hicho likibaki usoni ndilo huanza kutoa kutu. Na kama shafti ina alama ya kugumishwa usoni, isiguswe na moto hata kidogo. Sehemu iliyolika ibadilishwe.