Uchukuaji wa Vipande Nasibu kutoka Picha Kubwa za Setilaiti kwa Kutumia Python

Sehemu hii inaeleza jinsi vilivyopatikana vipande vya picha vilivyotumika kufunza modeli ya kutambua mikoko ya delta ya Rufiji, na sababu iliyomlazimu mtafiti kuyatupa matokeo yake ya awali.

Picha moja ya Sentinel-2 ina pikseli 10,980 kwa 10,980 katika bendi za mita 10. Kila pikseli ikihifadhiwa kwa baiti 2, bendi moja huchukua takribani megabaiti 241 za kumbukumbu, ilhali kipande cha pikseli 256 kwa 256 huhitaji baiti 131,072 tu. Kwa hiyo picha haikufunguliwa nzima. Maktaba ya Rasterio huruhusu kusoma dirisha moja la faili: kona ya juu kushoto hubahatishwa, kisha dirisha lake likasomwa. Kona hiyo yaweza kuwa popote kati ya 0 na 10,724 kwa kila upande. Amri ya integers ya NumPy, kwa kawaida yake, haijumuishi kikomo cha juu, hivyo kinachoandikwa ni 10,725.

Dirisha peke yake halitoshi. Faili iliyopangwa kwa safu mlalo hulazimu safu 256 zisomwe kwa upana wote, yaani takribani mara 43 ya data inayohitajika. Faili ziligeuzwa kuwa GeoTIFF yenye vigae vya 512 kwa 512, ambamo kipande hugusa vigae visivyozidi vinne.

Hata hivyo, tatizo kubwa halikuwa kasi. Hapo awali vipande vyote vilichukuliwa kwanza, ndipo vikagawanywa baina ya mafunzo na majaribio. Vipande viwili ambavyo kona zao zimeachana kwa pikseli chache ni karibu picha ileile. Modeli ilikuwa ikitahiniwa kwa maswali iliyokwisha kuyaona, na alama zake zilikuwa nzuri kupita kiasi (mtafiti anakiri kwamba alizifurahia kwa muda). Katika utaratibu mpya, eneo liligawanywa kwanza: kaskazini ya delta kwa mafunzo, kusini kwa majaribio, na kati yao ukanda wa pikseli 256 usiochukuliwa kitu, kwa kuwa mikoko iliyo jirani hufanana. Kipande kilichougusa ukanda huo kilikataliwa, kona nyingine ikabahatishwa. Mbegu ya nasibu na kona za kila kipande zimehifadhiwa katika jedwali ili mtahini aweze kuvipata vipande vilevile.

Usahihi ulishuka. Matokeo yanayojadiliwa katika Sura ya Tano ni hayo yaliyoshuka.