Vidole Vichache, Jeshi Kubwa: Sayansi ya Vitufe vya Mkato kwenye Gemu za Mkakati

Pita Mtaa wa Congo au Msimbazi, Kariakoo, saa nne asubuhi, usimame kidogo mbele ya duka la jumla. Angalia mzigo unavyotoka. Bosi hamshiki kila mbeba mzigo mkono na kumwonyesha njia. Anapaza sauti tu: "Vijana wa Mbeya, pakieni! Wa Tandika, subirini guta!" Maneno machache, na watu wanane wanajua la kufanya. Macho yake hata hayajatoka kwenye hela anayohesabu.

Sasa mlinganishe na mtu anayecheza Age of Empires II kwa mara ya kwanza. Anawatafuta askari wake kwenye ramani, anawazungushia kisanduku kwa mausi, anawatuma vitani. Anarudi mjini kuagiza wafanyakazi. Akirejea vitani, nusu ya jeshi imeshakwisha. Pembeni yake yupo mwenzake mwenye kompyuta ileile na mausi ileile, lakini mambo yanamwendea tu. Watu watakwambia huyo wa pili ana "mkono mwepesi". Si kweli, au tuseme si kweli kabisa. Anachofanya ni kile anachofanya bosi wa Kariakoo: ameyapa makundi yake majina. Na faida ya jambo hilo inapimika kwa sekunde.

Gemu gani hasa tunazungumzia?

Kwenye bao, mwenzako akicheza wewe unasubiri. Gemu za mkakati za wakati halisi hazina zamu. Wewe na adui mnachimba dhahabu, mnajenga na mnapigana kwa wakati mmoja, na saa haisimami. StarCraft, Warcraft, Age of Empires na 0 A.D. zote ni za ukoo huo. Mchezaji anaweza kuwa na watu mia moja au zaidi wa kuwaongoza, ila ana mikono miwili na macho mawili tu.

Watengenezaji wa gemu walichukua muda kulitatua hilo. Katika Dune II ya mwaka 1992, ulimwamuru askari mmoja mmoja. Warcraft ya 1994 iliruhusu kuchagua wanne kwa mara moja. Command & Conquer ya 1995 ilikuwezesha kulipa kundi zima namba na kuliita kwa kitufe kimoja. StarCraft ya 1998 ilikomea askari 12 kwa uteuzi mmoja, na Age of Empires II ya 1999 ikafika 40. Historia ya gemu hizi, ukiitazama kwa jicho hili, ni historia ya kumpunguzia mtu kazi ya kushika kila mpagazi mkono.

Tupige hesabu

Mwaka 1980, watafiti watatu, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, walichapisha njia rahisi ya kukadiria muda ambao mtu mzoefu anatumia kufanya kazi kwenye kompyuta. Njia hiyo, kama inavyotumika, huivunja kazi vipande vipande na kukipa kila kipande wastani wake:

- kubonyeza kitufe cha kibodi: sekunde 0.2
- kupeleka mausi kwenye shabaha: sekunde 1.1
- kubonyeza au kuachia kitufe cha mausi: sekunde 0.1
- kuhamisha mkono kati ya kibodi na mausi: sekunde 0.4
- kujiandaa kiakili kabla ya hatua: sekunde 1.35

Chukua amri moja ya kawaida: "wapiga mishale, nendeni mtoni." Kwa mausi peke yake unapeleka mshale kwenye kona ya kundi (1.1), unabonyeza (0.1), unavuta hadi kona ya pili (1.1), unaachia (0.1). Kisha unaupeleka mtoni (1.1) na kubonyeza na kuachia (0.2). Jumla ni sekunde 3.7.

Kwa kutumia namba, kidole cha mkono wa kushoto kinagusa 2 (0.2), mausi inakwenda mtoni (1.1), unabonyeza na kuachia (0.2). Jumla ni sekunde 1.5.

Tofauti ni sekunde 2.2. Inaonekana ndogo, siyo? Lakini ukitoa amri kumi kwa dakika, wa kwanza anatumia sekunde 37 kuhangaika na mausi, wa pili sekunde 15. Sekunde 22 zimeokolewa kwenye kila dakika. Ukigawa kwa ile 1.35 ya kujiandaa kiakili, unapata nafasi ya kufikiri mara 16 zaidi. Vipimo hivi vilitokana na kazi za kawaida za kompyuta, na wachezaji wazoefu wana kasi kuliko hiyo. Hata hivyo uwiano unabaki palepale: kitu ghali kuliko vyote ni safari ya mausi.

Kwa nini safari hiyo ni ghali? Paul Fitts alieleza mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha unaongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na kadiri inavyokuwa ndogo. Alama ndogo ya kuzalisha askari iliyo pembeni mwa skrini ina kasoro zote mbili. Kitufe ambacho kidole tayari kimekikalia hakina hata moja.

Macho ndiyo mali

Muda ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni umakini. Kila unapomtafuta askari kwa macho, unaacha kuangalia jambo jingine. Namba inakuondolea utafutaji huo: hujali kundi liko wapi, unaliita nalo linaitika. Ukiigonga namba mara mbili haraka, skrini inakupeleka walipo. Huo ndio mtindo wa gemu nyingi za aina hii.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakishajua siri hiyo, wanagawa jeshi kwenye namba zote kumi, kisha katikati ya vita hawakumbuki 7 ilikuwa ya nani. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi inabeba vitu kama saba hivi, pungufu au zaidi ya viwili. Nelson Cowan aliipitia upya hoja hiyo mwaka 2001 na kuishusha hadi karibu vinne. Kwa hiyo anza na makundi manne, yenye maana isiyobadilika kila mechi: 1 wapiganaji wa mbele, 2 wapiga mishale, 3 wapanda farasi, 4 mpelelezi. Namba ikibeba maana ileile kila siku, inahama kutoka kwenye kumbukumbu ya muda mfupi na kuwa mazoea, kama unavyojua swichi ya taa ilipo chumbani kwako gizani.

Na kwa nini 1 hadi 4, siyo 7 hadi 0? Kwa sababu mkono wa kushoto unazifikia bila kuhama. Pitisha kidole juu ya herufi F utasikia kinundu. Kiliwekwa pale ili kidole cha shahada kijue nyumbani bila msaada wa macho.

Vitufe vya kuanza navyo

Usijifunze vyote kwa siku moja. Hivi vinatosha kwa mwezi wa kwanza:

1. Ctrl na namba: kulipa kundi ulilolichagua namba hiyo. Baadaye namba peke yake inaliita.
2. Kubonyeza askari mmoja mara mbili kwa mausi: kuwachagua wote wa aina yake walio kwenye skrini. Ukifuatisha na Ctrl na namba, umeunda kikosi kwa pumzi moja.
3. Shift wakati wa kutoa amri: kupanga foleni ya kazi. Mpelelezi anapewa vituo vitano mfululizo, kama konda anavyotaja vituo vya daladala, nawe unaendelea na mambo mengine.
4. Kwenye Age of Empires II, H inakuita makao makuu ya mji, na kitufe cha nukta kinakuonyesha mfanyakazi aliyekaa bure. Nukta hiyo imeokoa falme nyingi. Mfanyakazi aliyesimama ni dhahabu isiyochimbwa.

Mpangilio wa awali ukikukwaza, ubadilishe kwenye mipangilio ya gemu. Ukitaka mahali pa kujifunzia bila gharama, 0 A.D. inapatikana bure kabisa. Inaundwa na watu wanaojitolea, na miongoni mwa mataifa yake wamo Wakushi, ndugu zetu wa Bonde la Nile, sehemu ya Sudan ya leo.

Kibodi ya mtumba inatosha?

Wengi wetu tunacheza kwenye laptopu za mtumba. Hapo kuna mambo mawili ya kukagua kabla hujailaumu gemu.

La kwanza ni mpangilio wa herufi. Mashine iliyotumika Ujerumani ina Z mahali pa Y. Iliyotumika Ufaransa inaanza na A mahali pa Q, na ukiandika unahitaji Shift ili kupata namba. Kompyuta hufuata mpangilio uliochaguliwa kwenye mfumo wake, haisomi rangi iliyochapwa juu ya kitufe. Chagua mpangilio wa Kiingereza kwenye mfumo, na kama maandishi ya juu yanakuchanganya, bandika stika.

La pili limejificha ndani. Kwenye kibodi nyingi za bei nafuu, nyaya zimepangwa kama mitaa ya Kariakoo: ya kwenda na ya kukatiza. Kila kitufe ni njia panda. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye kona tatu za mstatili mmoja, umeme unazunguka na kuifanya kona ya nne ionekane nayo imebonyezwa. Ili kuzuia uongo huo, kibodi hukikataa kitufe cha tatu. Wewe unaona amri imepuuzwa, unadhani umechelewa, kumbe kibodi ndiyo iliyonyamaza.

Dawa yake haihitaji pesa. Fungua programu ya kuandikia, bonyeza kwa pamoja herufi tatu unazopenda kutumia, uone kama zote zinatokea. Isipotokea moja, hamishia amri hiyo kwingine. Habari njema ni kwamba watengenezaji kwa kawaida huvitenga Ctrl, Shift na Alt kwenye nyaya zao, kwa hiyo Ctrl na namba hufanya kazi vizuri hata kwenye kibodi ya bei ya chini kabisa.

Na sisi wenye umri je?

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, Joseph Thompson, Mark Blair na Andrew Henrey, walichambua rekodi za wachezaji 3,305 wa StarCraft II wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Walipima muda unaopita tangu mchezaji ahamishe macho hadi atende jambo. Ucheleweshaji ulianza kuongezeka kuanzia miaka 24. Ndiyo, 24, umri ambao wengi wetu ndio kwanza tumeanza shahada ya pili!

Lakini wachezaji wakubwa hawakuporomoka kama unavyotegemea. Walionekana kufidia kwa kutumia mikakati rahisi zaidi na kuzitumia vizuri zaidi nyenzo za gemu yenyewe. Kwa lugha ya mtaani, vijana wana mbio, wazee wana akiba ya maarifa. Mpangilio mzuri wa vitufe ni sehemu ya akiba hiyo.

Faida yake haiishii kwenye gemu. Karani wa stationeri anayeandika barua ya mteja, mhasibu wa duka la jumla, mwanafunzi mwenye tasnifu ya kurasa mia, wote wanalipia safari zilezile za mausi, sekunde 1.1 kwa kila moja, siku nzima. Na kiwiko na kifundo cha mkono navyo vinalipa: mwendo uleule uliorudiwa kwa miaka huleta maumivu. Pumzisha mkono kila baada ya mechi, usisubiri uume.

Wiki hii chukua kitufe kimoja tu, Ctrl na 1, ukitumie hadi usikifikirie tena. Wiki ijayo ongeza 2. Kufikia mwisho wa mwezi utakuwa na makundi manne yanayoitika ukiyaita, na macho yako yatakuwa huru kumwangalia adui.