Kaptula ya waridi katika robota la Mingoyo

Msimu wa korosho ukichanganya na fedha za mnada zikianza kuingia kwenye simu za wakulima, wauza mitumba nao huja Mingoyo. Wanajua wanachokifuata. Hapa ndipo njia ya Masasi inapoachana na barabara ya Lindi na Mtwara, na mzazi aliyelipwa Novemba ana watoto wa kuwavalisha kabla shule hazijafunguliwa Januari. Robota likikatwa kamba na nguo zikimwagwa juu ya turubai, mjadala wa nguo ya kiume na ya kike huanza palepale, bila mwenyekiti.

“Mama, hiyo ya kike,” kijana muuzaji alimwambia mteja aliyeshika kaptula ya waridi yenye lastiki kiunoni. Mama akaivuta lastiki, akaigeuza ndani nje, akakagua mshono wa katikati ya mapaja, mahali ambapo kaptula za watoto hufa mapema.

“Bei gani?”

“Buku jero.”

“Nakupa buku. Ataivalia shambani, kwani korosho zitamcheka?”

Akaondoka nayo kwa buku. Mtoto wa kiume wa darasa la pili akapata kaptula iliyoshonwa kwa ajili ya binti wa ng'ambo, na hakuna aliyegeuka kumtazama mama yule mara mbili.

Huko inakotoka mitumba, nguo za watoto zimezua ugomvi mkubwa. Mei 2023 Target, kampuni ya Marekani yenye maduka karibu 2,000, ilipanga bidhaa za mwezi wa Pride, maadhimisho ya watu wa mapenzi ya jinsia moja na waliobadili jinsia. Mara zikaenea video zikidai kwamba watoto wanauziwa nguo za kuogelea zilizoshonwa ili kuficha maumbile ya kiume. Nguo hizo zilikuwepo kweli, ila kwa saizi za watu wazima tu. Uongo ulikuwa kwenye saizi, na saizi ndiyo iliyokuwa hoja yote. Hadi ukweli ulipojulikana, wafanyakazi walikuwa wameshatishiwa na kampuni imeondoa baadhi ya bidhaa. Katika robo hiyo ya mwaka mauzo yake linganishi, ya madukani na ya mtandaoni, yalishuka kwa asilimia 5.4, na kampuni ikakiri kwamba ugomvi ule ulichangia. Mwaka 2024 haikuweka tena nguo za watoto katika mkusanyiko huo.

Si kwamba nguo za watoto za aina hiyo hazipo kabisa. Toronto, Kanada, iko kampuni ndogo iliyoanzishwa na baba aliyemhangaikia mwanawe, aliyezaliwa wa kiume na kujitambua kuwa msichana, apate nguo ya kuogelea bila aibu. Wanaoiunga mkono wanasema mtoto anayeogopa kuvua suruali mbele ya wenzake hataogelea kamwe. Wanaoipinga wanasema umri ule ni mdogo mno, na mfanyabiashara asiwe wa kwanza kumwambia mtoto yeye ni nani. Hoja hii ya pili siidharau. Anayeuza kwa watoto anahitaji kutazamwa kwa jicho kali, awe anauza nguo, soda au mchezo wa simu.

Ila sisi tukishakasirika huwa hatutazami kilichomo kwenye robota. Tanzania ina rekodi ndefu ya kugombana na nguo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana viwe marufuku. Tarehe haijafika, wasichana wakaanza kuvamiwa Kariakoo. Miaka ya 1970 ikaja zamu ya bugaluu, suruali pana miguuni. Ina maana suruali ya kubana na suruali pana zote zimewahi kuwa adui wa taifa, na wajukuu wa waliozipiga vita leo wanavaa modo za kubana hadi msikitini na kanisani. Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, kikiwamo Diary of a Wimpy Kid, kwa madai ya kukiuka maadili. Safari hii ilikuwa zamu ya vitabu.

Jando la pwani ya kusini lina la kusema hapa. Kijana akishatahiriwa, suruali inawekwa kando. Anavalishwa kanga, shuka au hata dera la mama yake. Kitambaa anakishika mbele kwa vidole viwili kisiguse kidonda, miguu ameitanua, na wenzake wanampisha njia kwa heshima. Atatokea wa kunijibu kwamba kanga ile ni ya tiba, tena iko kwenye njia ya kuelekea uanaume. Ni kweli kabisa, na ndilo ninalolisema: kanga ileile ina maana mbili kwa sababu wanaoizunguka wamekubaliana hivyo. Baba yake naye akienda Ijumaa, kanzu yake inafika vifundoni; mgeni asiyetujua angeiita gauni.

Wazungu hawana tofauti. Picha ya mwaka 1884 inamwonyesha Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa na miaka miwili na nusu, amevaa gauni na nywele zake ndefu. Ndivyo watoto wadogo wa kiume walivyovalishwa enzi hizo. Mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto lilishauri waridi kwa wavulana na buluu kwa wasichana. Kaptula ya Mingoyo ingeshonwa wakati huo, kijana yule muuzaji angesema ni ya kiume.

Kwa hiyo msomaji, ukitumiwa picha ya nguo yenye onyo kwamba watoto wanaharibiwa, uliza kwanza: ni saizi gani, inauzwa duka gani, nani ameishika mkononi? Na kama nyumbani kwako yuko mtoto wa kiume anayependa kujifunga kanga ya dada yake, au binti asiyetaka gauni hata siku ya Idi, usimpige, wala usiwaachie majirani wamfanye kichekesho. Huenda yatapita, huenda hayatapita. Kanuni ya Adhabu haisemi neno juu ya rangi ya kaptula. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayosema: inakataza kumfanyia mtoto ukatili na kumdhalilisha, na mtoto kwa mujibu wake ni yeyote aliye chini ya miaka 18.